Sura ya Sita: Nifunge Taa za Rangi Gani?

"Fundi, nataka nyeupe kabisa, zile zinazokaribia bluu." Maneno haya husikika kila siku kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, na ya Kirinyaga Road, Nairobi. Mara nyingi anayeyasema ana gari lililotoka Japani likiwa limeshatembea miaka kumi au zaidi. Taa zake zimefifia, usiku anaiona barabara kwa shida, na ameona gari jipya likipita na taa nyeupe akazitamani. Ana haja mbili kwa mpigo: anataka kuona, na anataka gari lipendeze. Anauliza 4300, 6000 au 8000, na muuzaji anamwashia ile yenye namba kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayovutia macho mchana dukani.

Haja zote mbili ni halali. Gari ni mali ya gharama, na mtu kulipenda gari lake na kulipamba hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba duka lina mwanga wa jua, na taa inanunuliwa kwa ajili ya giza. Tena rangi ya taa inagusa macho ya watu wawili, wewe unayeendesha na yule anayekuja mbele yako, na huyo wa pili hakuulizwa dukani.

Mwenye haraka achukue jibu fupi: weupe usio na bluu, kati ya 4000 na 5000, kwenye balbu iliyotengenezwa kwa nyumba ya taa uliyonayo. Mwenye muda aendelee kusoma, maana nusu ya pili ya jibu hilo ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayoua watu.

Namba iliyo kwenye boksi

Geuza boksi la balbu utaona namba yenye herufi K pembeni. K ni Kelvini, kipimo cha joto, ila hapa kinaeleza rangi. Mhunzi anapochoma chuma, kwanza kinakuwa chekundu. Joto likizidi kinageuka rangi ya chungwa, kisha njano, kisha kinaelekea weupe, na kama kingeweza kuendelea kupata moto bila kuyeyuka kingefika kwenye weupe wenye ubluu. Namba ya Kelvini inasema rangi ya taa yako inalingana na hatua ipi ya moto huo. Namba ndogo ni njano, namba kubwa ni bluu.

- 1900 hivi: mwanga wa mshumaa.
- 3000 hadi 3200: balbu za kawaida za halojeni, zenye weupe wa njano.
- 4300 hivi: zenoni zilizofungwa kiwandani.
- 5000 hadi 5500: weupe wa jua la mchana.
- 6000 hadi 6500: weupe wa baridi wa LED nyingi za madukani.
- 8000: bluu ya waziwazi.
- 10000 na zaidi: bluu inayoingia kwenye zambarau.

Majina matatu kati ya hayo, halojeni, zenoni na LED, tutakutana nayo sana. Halojeni ni balbu yenye uzi mwembamba wa chuma unaowaka ndani ya gesi, na imekuwa kwenye magari tangu mwaka 1962. Zenoni haina uzi: umeme unaruka kati ya ncha mbili ndani ya gesi na kuwaka. Ilianza kwenye BMW za 7 Series mwaka 1991. LED ni kipande kidogo cha kielektroniki kinachotoa mwanga umeme unapopita. Karibu LED zote nyeupe unazoziona ni za bluu kwa asili: kipande chenyewe kinatoa mwanga wa bluu, juu yake inapakwa poda ya njano, na rangi hizo mbili zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Ugunduzi wa LED ya bluu iliyowezesha jambo hili uliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa muuza taa habari hii ina maana ya moja kwa moja: poda ikiwa kidogo, bluu nyingi inapenya. Ndiyo sababu LED za bei rahisi zina ule weupe wa barafu.

Rangi haiongezi mwanga

Watu wengi hudhani 8000K ina nguvu mara mbili ya 4000K. Namba ya K haisemi chochote kuhusu nguvu. Wingi wa mwanga una kipimo chake, lumeni, yaani jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye balbu kwenda kila upande. Balbu ya kawaida ya H4, aina iliyo kwenye magari madogo mengi ya Toyota na Hiace, inatoa karibu lumeni 1000 kwenye dimu na 1650 kwenye fulu. Dimu ni ile taa ya karibu unayotumia wakati wa kupishana, fulu ni ya mbali. H7 inatoa karibu 1500. Zenoni ya kiwandani aina ya D2S inafika 3200 kwa kutumia wati 35 tu.

Sasa chukua balbu ya halojeni iliyopakwa bluu kwenye kioo. Uzi wa ndani ni uleule, unatoa njano nyingi na bluu kidogo sana. Ili taa ionekane nyeupe-bluu, rangi iliyopakwa inaizuia njano na nyekundu isitoke. Haijaongeza bluu hata chembe, imepunguza vingine. Umelipa zaidi upate mwanga pungufu. Watengenezaji wengine wanafidia kwa kupandisha wati hadi 100, na hapo joto linaanza kula soketi, waya, na hata ile sahani inayong'aa ndani ya taa. Soketi iliyoungua na kuwa kahawia ni jambo la kawaida kabisa kwa mafundi umeme wa magari, na mara nyingi chanzo chake ni balbu ya aina hii.

Kwenye zenoni hali ni hiyohiyo kwa njia nyingine. Mwanga wake uko juu kabisa kwenye 4300. Ukipanda 6000 lumeni zinashuka, ukipanda 8000 zinashuka zaidi. LED ndiyo pekee ambayo haipotezi lumeni kwa kuwa na ubluu, na kwa hiyo ndiyo inayodanganya kwa urahisi zaidi: mwanga ni mwingi kweli, lakini si mwingi wa rangi tunazozihitaji. Na boksi likikuambia lumeni 20,000, lirudishe kwenye rafu, kwa sababu aliyechapa namba hiyo hakupima chochote.

Barabara zetu ni nyekundu

Jambo hili ndilo ningependa kila mnunuzi wa taa alijue, na sijawahi kuliona limeandikwa kwenye boksi lolote.

Kitu hakina rangi gizani. Kinaonekana kwa sababu kinarudisha sehemu ya mwanga unaokipiga. Udongo mwekundu ni mwekundu kwa kuwa unarudisha nyekundu na rangi ya chungwa, na bluu inayoupiga unaimeza. Ukitoka kwenye lami ukaingia barabara ya udongo mwekundu, iwe Kagera, Kakamega au Masaka, taa ya bluu inamwaga mwanga ambao barabara inaufyonza. Mwanga umetoka kwenye gari, ila haurudi kwenye macho yako. Dereva anaona weupe mkali kwenye kingo za mawe na maji, huku mashimo na matuta yakipotea kwenye weusi.

Ongeza wale walio barabarani. Ng'ombe wa kahawia aliyelala kwenye bega la lami. Swala pala wa Mikumi, ambako barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa karibu kilomita 50. Mtoto anayetoka kisimani jioni, ngozi yake ya kahawia kama yetu sote. Hawa wote wanarudisha njano na nyekundu zaidi kuliko bluu. Taa yenye rangi zote inawatenganisha na giza mapema, na taa ya bluu inawaonyesha kama vivuli vya kijivu. Matawi ya miti yanayowekwa barabarani kuonya kwamba mbele kuna lori bovu, alama tunayoitegemea kuliko pembetatu, nayo ni majani: yanahitaji kijani na njano ndani ya mwanga ili yaonekane ni majani, na si kivuli cha lami.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Weupe una faida yake juu ya njano ya halojeni. Gizani, pembe za jicho zinatumia seli zinazovutiwa zaidi na mwanga ulioegemea upande wa bluu na kijani, kwa hiyo taa nyeupe kweli inasaidia kugundua kitu kinachosogea pembeni ya barabara. Ndiyo maana sipendekezi kila mtu abaki 3000. Ila faida hiyo unaipata ukifika 4000 hadi 5000, ambako njano na nyekundu bado zipo za kutosha. Ukiendelea kupanda unapoteza kuliko unavyopata.

Kwa ufupi: tafuta weupe unaoonyesha nyekundu kuwa nyekundu. Jaribio la bure ni hili. Jioni, washa taa mbele ya ukuta na mtu ashike kanga yenye wekundu mbele ya mwanga. Kama wekundu wake umefifia ukaelekea kahawia au zambarau, taa hiyo itakuficha vitu vingi barabarani.

Macho ya anayekuja

Barabara zetu kuu nyingi ni njia mbili zilizotenganishwa na mstari wa rangi tu. Mnapishana umbali wa mita mbili, kila mmoja akitegemea macho ya mwenzake. Mwanga mkali ukiingia jichoni unatawanyika ndani yake na kutandaza utando mweupe juu ya kila kitu. Mwanga wenye bluu nyingi unasumbua zaidi kuliko wa njano wenye nguvu ileile. Mtu wa miaka 60 anaumia kuliko wa miaka 25, na macho yake yanachukua muda mrefu kurudi katika hali yake baada ya gari kupita.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linasafiri mita 22 kila sekunde. Dereva wa basi akipoteza uwezo wa kuona kwa sekunde tatu tu, ameendesha mita 66 bila kujua kilicho mbele yake: mwendesha baiskeli, bodaboda isiyo na taa ya nyuma, kona. Halafu anahamia upande wako. Anayempofusha dereva wa gari linalokuja anajitengenezea hatari yake mwenyewe.

Vipi kuhusu njano na ukungu?

Ufaransa iliamuru magari yake yote yawe na taa za njano kuanzia miaka ya 1930, na ikaachana na sharti hilo mwaka 1993 ilipooanisha sheria zake na nchi jirani za Ulaya. Japani iliruhusu taa kubwa za njano kwa magari yaliyotengenezwa hadi mwisho wa mwaka 2005, na yaliyotengenezwa tangu 2006 lazima yawe na nyeupe. Kwa hiyo njano si uhuni wala si ushamba, ina historia ndefu ya heshima.

Je, inapenya ukungu? Dereva anayepita Mafinga alfajiri au Limuru wakati wa baridi ataapa kwamba inapenya. Ukweli ni kwamba matone ya ukungu ni makubwa mno kuweza kubagua rangi: yanarudisha njano na bluu karibu sawasawa. Kinachosaidia ni kwamba bluu imeondolewa, hivyo ule utando mweupe unaokurudia machoni unasumbua kidogo. Kinachosaidia zaidi ni mahali taa ilipo. Taa ya ukungu inakaa chini karibu na bampa na mwanga wake umelala bapa, unapita chini ya sehemu kubwa ya ukungu ulio kati yako na barabara. Vumbi la nyuma ya lori na mvua kubwa vinafuata kanuni hiyohiyo: zima fulu, punguza mwendo. Anayetaka njano aifunge kwenye taa za ukungu, 3000K, na ataipata faida yake yote bila kugusa taa kubwa.

Umbo la mwanga ni kubwa kuliko rangi yake

Sasa tufike kwenye ile nusu ya jibu inayopuuzwa. Ndani ya taa kuna ama sahani inayong'aa, ambayo mafundi huiita rifleta, ama lenzi nene ya duara iitwayo projekta. Kazi yake ni kuukusanya mwanga wa balbu na kuutandaza barabarani kwa umbo maalumu. Ukiangalia dimu ya gari zima ukutani utaona mstari: chini kuna mwanga, juu kuna giza. Mstari huo ndio unaolinda macho ya anayekuja. Kwenye nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, mstari unapanda kidogo upande wa kushoto ili umulike watembea kwa miguu na vibao, na unabaki chini upande wa kulia anakotoka mwenzako.

Rifleta imechongwa kwa hesabu ya kitu kimoja: uzi wa balbu ukae mahali pale pale, kwa urefu uleule. Sehemu ya milimita inatosha kuharibu kila kitu. Ndani ya H4 kuna nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usiende juu. Ukiingiza balbu ya zenoni kwenye nyumba hiyo, umeweka chanzo cha mwanga chenye umbo jingine, mahali pengine, chenye nguvu mara mbili au tatu. Mwanga unatapakaa. Wewe uliye ndani unaona miti imeng'aa hadi matawini na unafurahi. Mwanga ulio matawini na machoni mwa watu ndio uliopaswa kuwa barabarani.

LED ya kupachika inaweza kuwa nzuri au mbaya kwa sababu hiyohiyo. Iliyobuniwa vizuri ina vipande vyembamba vilivyopangwa pale pale uzi ulipokuwa, vikitazama kushoto na kulia, na ya H4 ina kikombe chake. Iliyobuniwa vibaya ni nene, ina vipande pande nne, na hakuna rifleta inayoweza kuielewa. Ujerumani, nchi yenye ukali mkubwa katika mambo haya, iliruhusu LED za kubadilisha halojeni kwa mara ya kwanza mwaka 2020, zikianza na Night Breaker LED za Osram, na hata hapo kwa magari yaliyotajwa kwenye orodha tu. Balbu ileile inaweza kufaa kwenye gari moja na kuharibu mwanga wa gari jingine.

Kwa hiyo ukiwa dukani, acha kutazama rangi kwa muda. Shika balbu yako ya zamani mkono mmoja na LED mkono wa pili, uangalie kama vipande vya mwanga viko mahali uzi ulipo. Angalia pia nyuma yake. LED inatoa joto lake kwa nyuma kupitia feni au mapezi ya bati, na ikiwa ndefu mno mfuniko wa mpira wa taa hautafunga. Fundi atakwambia uuache wazi. Usikubali, maana vumbi na maji vitaingia na rifleta itakufa ndani ya masika moja.

Wenye zenoni za kiwandani wana kazi rahisi: rudisha namba ileile. D2 na D4 hazibadilishani, umeme wake ni tofauti, na zinazoishia na S ni za projekta, za R ni za rifleta. Chagua 4300. Usiruhusu mtu aguse soketi taa ikiwa imewashwa, kwa sababu kuiwasha kunahitaji zaidi ya volti 20,000.

Neno kwa wasomaji wa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, wanaoendesha upande wa kulia: gari lililotoka Japani lenye usukani wa kulia lina taa za nchi ya kushoto. Mstari wake unapanda upande wa mtu anayekuja. Hakuna balbu itakayorekebisha hilo. Unahitaji nyumba za taa za upande sahihi, au angalau kuzishusha. Na waliopo Tanzania au Kenya wakiwa na gari lililoagizwa Dubai au Marekani wana tatizo hilohilo kinyumenyume.

Kwa ufupi: rifleta ya halojeni, weka halojeni bora au LED iliyokopa umbo la uzi. Projekta inasamehe zaidi, lakini nayo ina mipaka. Zenoni kwenye rifleta ya halojeni, hapana.

Kabla hujafungua pochi

Nina hakika nusu ya wanaotaka taa mpya hawahitaji balbu mpya. Angalia kioo cha nje. Siku hizi si kioo, ni plastiki ngumu, na jua letu linaigeuza njano na kuitia ukungu. Mwanga unazaliwa ndani na kufia hapo. Kuisugua kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800, kisha 1000, kisha 2000, na kumalizia kwa dawa ya kung'arisha kunarudisha taa karibu na upya wake. Dawa ya meno nayo inang'arisha kwa wiki chache. Usisahau kupaka varnishi ya kuzuia jua juu ya plastiki iliyong'arishwa, la sivyo njano itarudi haraka.

Kisha pima umeme. Balbu ya halojeni ina hisia kali: volti zikipungua kwa asilimia 5, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 16. Waya uliochakaa, kutu kwenye ethi au swichi ya zamani vinaweza kula volti nzima. Fundi mwenye kipimo atajua ndani ya dakika tano. Kufunga rilei, yaani swichi ndogo inayoleta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ni kazi ya gharama ndogo inayofanya balbu uliyonayo ionekane mpya.

Kama bado unataka balbu, zipo halojeni za kioo cheupe zinazouzwa kwa jina la mwanga zaidi. Uzi wake umechongwa kwa ustadi, rangi yake ni nyeupe kiasi, na umri wake ni mfupi. Badilisha zote mbili kwa pamoja, na usiguse kioo chake kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi yanaunguza sehemu hiyo.

Urembo uwekwe wapi

Gari lenye plastiki safi, taa mbili za rangi moja na mstari ulionyooka linapendeza kuliko lenye bluu upande mmoja na njano upande wa pili. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni kulinganisha: ukifunga dimu ya 5000, badilisha na taa ndogo za kuegesha ziwe weupe uleule, maana taa ndogo ya njano pembeni ya dimu nyeupe ndiyo inayoliharibia gari sura. Taa za mchana na zile pete za kuzunguka taa, zilizopendwa kupitia BMW, zinaweza kuwa za kuvutia sana zikiwa nyeupe na zikififia dimu inapowaka.

Nyekundu na bluu mbele ziache kabisa. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa Vienna, wa mwaka 1968, unataka taa kubwa ziwe nyeupe au njano, na sababu yake inaeleweka kwa kila aliye barabarani usiku: nyekundu inamwambia anayekuja kwamba anatazama mgongo wa gari, na bluu inamwambia apishe gari la polisi au la wagonjwa. Ndani ya gari, chini ya dashibodi, kwenye milango, weka rangi unayoipenda, mradi usiku ukianza safari uizime isikupunguzie uwezo wa macho yako kuona nje.

Jioni ya kufunga

Usiondoke kwa fundi mchana. Subiri giza, tafuta ukuta ulio tambarare na pa kusimama palipo sawa. Upepo wa matairi uwe wa kawaida, tangi lisiwe tupu, mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva.

1. Sogeza gari hadi karibu na ukuta, uweke alama ya gundi ukutani palipo na kitovu cha kila taa.
2. Rudi nyuma mita 10, washa dimu.
3. Mstari wa mwanga unapaswa kuwa sentimita 10 hivi chini ya alama zako. Kama uko juu, zungusha skrubu iliyo nyuma ya taa ushuke.
4. Funika taa moja, itazame nyingine peke yake, kisha badilisha.
5. Kama mstari hauonekani kabisa, kuna wingu la mwanga tu, toa balbu hizo uzirudishe dukani usiku huohuo.

Kushuka kwa sentimita 10 kwa mita 10 kuna maana yake. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini inafika mita 65 mbele. Kwa kilomita 80 kwa saa, dereva aliye macho kwenye lami kavu anahitaji karibu mita 70 kusimama: mita 33 za kushtuka na kukanyaga breki, na mita 35 hivi za breki zenyewe. Kwa kilomita 100 anahitaji karibu mita 97. Kwa hiyo kwenye dimu, hata ukiwa na balbu bora kuliko zote, mwendo wako wa usiku unapaswa kuwa chini ya 80, na fulu itumike kila barabara inapokuwa tupu na kuzimwa mapema mtu anapotokea.

Mzigo unabadilisha kila kitu. Ukipakia magunia nyuma, pua ya gari inainuka na mstari wako uliopangwa vizuri unapanda hadi kwenye macho ya watu. Magari mengi yana kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, upande wa usukani, chenye namba kuanzia 0. Sifuri ni kwa dereva peke yake au na abiria wa mbele. Siti za nyuma zikijaa, zungusha hadi 1. Buti likijaa pia, 2 au 3. Kama kigurudumu hicho hakifanyi kazi kwenye gari lako, mwambie fundi akitengeneze siku hiyohiyo anapofunga balbu.